Lobelia za Mlima Kenya: moja huchanua ikafa, nyingine huchanua ikaendelea kuishi

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, baada ya kile kinamasi cha mteremkoni kinachowamaliza pumzi wageni wengi, unaingia Bonde la Teleki. Huko, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, miti ya kawaida imekwisha kitambo na lobelia kubwa ndizo zinazovuta macho. Kwenye tope la bondeni kuna mashada ya majani mapana yaliyokaa chini, yamejaa maji katikati. Kwenye miteremko ya mawe kuna nyingine ndefu kuliko mtu, zimevaa manyoya ya kijivu kutoka chini hadi kileleni. Na katikati ya hizo zote imesimama milingoti mikavu, myeusi, iliyokufa ikiwa wima.

Maelezo yanayosikika sana ni kwamba lobelia huishi makumi ya miaka, huchanua mara moja, kisha hufa. Ni maelezo matamu, na kwa spishi moja ni ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba bonde hilo lina spishi mbili kuu, ndugu wa karibu, na ya pili haifanyi hivyo. Lobelia telekii, yenye manyoya, huchanua mara moja tu katika maisha yake yote. Lobelia keniensis, ile ya bondeni, huchanua, hupumzika miaka kadhaa, kisha huchanua tena. Mlima ni ule ule, baridi ile ile, na mara nyingine hatua chache tu zinazitenganisha. Kwa nini zimechagua njia mbili zinazopingana?

Kabla ya kujibu, tuweke sawa jambo moja linalowachanganya watu. Mimea hugawanywa kwa muda inaoishi, na pia hugawanywa kwa mara inazozaa, na hayo ni maswali mawili tofauti. Mahindi huishi msimu mmoja na huzaa mara moja. Mwembe huishi miaka mingi na huzaa karibu kila mwaka. Watu wengi huishia hapo, wakidhani mmea wa miaka mingi lazima uzae mara nyingi. Lakini mkonge tunaoujua Tanga na Kilosa hukaa shambani miaka mingi, kisha siku moja hutoa mlingoti mrefu wa maua, na ukishautoa, shina hilo limekwisha. Mgomba nao una utaratibu wake: mkungu ukikomaa mgomba ule haurudii, lakini machipukizi yako pembeni na kisiki hakijafa. Weka mkonge na mgomba akilini, kwa sababu Lobelia telekii iko upande wa mkonge na Lobelia keniensis upande wa mgomba. (Wakulima wa mkonge watanisahihisha kwamba mkonge nao hutoa machipukizi pembeni kabla haujachanua. Kweli. Lobelia telekii kwa kawaida haina hata hilo: ni shada moja, shina moja, basi.)

Sasa hali ya hewa, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Ukianzia Mombasa kwenye nyuzi 27, ukifika mita 4,200 umebakiwa na wastani wa nyuzi 2 hivi. Wastani huo nao unaficha mengi. Milima hii iko kwenye Ikweta, kwa hiyo hakuna miezi ya baridi kali na miezi ya joto kama Ulaya. Mabadiliko makubwa hutokea ndani ya saa 24. Mchana jua la huko juu huchoma ngozi. Usiku, chini ya anga isiyo na wingu, joto hushuka chini ya sifuri na ardhi hutoa sindano za barafu. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Olov Hedberg, aliyeichunguza milima ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi, aliielezea hali hiyo kuwa ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku.

Mimea ya milima ya Alps hujificha chini ya theluji kwa miezi, ikisubiri. Lobelia haina pa kujificha wala haina msimu wa kusubiri. Lazima iwe tayari kukua saa nne asubuhi na iwe tayari kugandishwa saa nne usiku, siku hiyo hiyo, mwaka mzima. Ndiyo maana hukua polepole mno. Kwa vipimo vilivyofanywa Mlima Kenya, shada moja huchukua miaka 40 hadi 60 tangu kuota mpaka kuchanua. Lobelia unayoipita njiani leo ikiwa na mlingoti wa maua inaweza kuwa iliota kabla ya mwongozaji wako kuzaliwa.

Sehemu inayopaswa kulindwa kuliko zote ni kile kiini kidogo cha kukua kilicho katikati ya shada, mahali majani mapya yanapotokea. Majani ya nje yakiungua kwa baridi, mmea utatoa mengine. Kiini kikifa, shada limekufa. Lobelia keniensis hukilinda kwa njia mbili kwa pamoja. Kwanza, jua linapozama majani yake hujikunja kuelekea katikati na kufunga shada lote, kisha hufunguka asubuhi. Pili ni yale maji.

Maji yale yanawashangaza wageni, na wengi hudhani ni mvua tu iliyotuama. Mvua imo, lakini mmea wenyewe nao huchangia kwa kutoa utelezi ndani yake. Shada kubwa linaweza kubeba lita kadhaa. Usiku sehemu ya juu hufanya utando wa barafu, huku maji ya chini, yaliyozunguka kiini, yakibaki bila kuganda. Mpaka hapo ni rahisi kuelewa. Kinachopinda akili ni kwamba kuganda kwenyewe ndiko kunakoleta ulinzi.

Tumezoea kufikiri kwamba barafu huleta baridi. Kifizikia, maji yanapogeuka barafu hutoa joto. Lita moja ya maji ikiganda huachia joto sawa na lile ambalo lingetosha kuipasha lita hiyo hiyo kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Kwa hiyo muda wote utando wa barafu unapoongezeka unene, maji yaliyobaki hukaa kwenye sifuri hivi na hayashuki zaidi. Usiku wa Ikweta una saa 12 tu. Kabla maji yote hayajaganda, jua limechomoza.

Kuna hatari moja katika mpango huo. Maji yanaweza kupoa nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kuganda, kisha yakaganda kwa ghafla, na mlinzi wa aina hiyo ni mbaya kuliko kukosa mlinzi. Mwaka 1979 wanasayansi wa Norway walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba majimaji ya lobelia za Mlima Kenya yana chembe zinazoanzisha barafu mapema, joto likiwa limeshuka chini ya sifuri kidogo tu. Chembe hizo huyalazimisha maji yagande upesi na polepole: upesi kuanza, polepole kumaliza. Mimi nikiulizwa ni sifa gani moja ya mimea ya mlimani inayostahili kufundishwa shuleni kuanzia darasa la sita, nitataja hii, kwa sababu inafundisha fizikia na biolojia kwa mpigo mmoja, tena kwa mmea wetu.

Lobelia telekii haina dimbwi kama hilo. Majani yake ni membamba, mengi, na shada lake halishiki maji kwa namna ile. Kinga yake maarufu huonekana wakati wa kuchanua. Mlingoti wake, unaoweza kufika mita 3, hufunikwa na vijani virefu vyembamba vyenye nywele, vinavyoning'inia na kuufanya uonekane kama umevalishwa manyoya. Maua yenyewe, madogo na ya zambarau, yamefichwa nyuma yake. Hewa iliyonaswa katikati ya nywele hizo haipotezi joto haraka, na maua hukomaa humo ndani. Kwa Lobelia keniensis mambo ni kinyume: mlingoti ni mfupi na mnene, vijani vyake ni vipana na vimepangana vikilaliana, na maua ya buluu huchungulia katikati yake.

Anayeyafikia maua hayo ni chozi wa milimani, Nectarinia johnstoni. Dume lake lina rangi ya kijani inayong'aa, mkia mrefu na vishada vyekundu kifuani, na hulinda eneo lenye lobelia kwa ukali, likiwafukuza madume wengine. Hunywa nekta, hula wadudu walio humo, na kichwa chake hubeba chavua kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine. Hakuna nyuki wengi wanaoweza kufanya kazi kwenye baridi ile.

Turudi kwenye swali. Mtu aliyelitafutia jibu kwa uvumilivu ni Truman Young, mwanaikolojia wa Marekani aliyeanza kuzifuatilia lobelia za Bonde la Teleki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kazi yenyewe haikuwa ya kusisimua kuitazama: kuweka alama kwenye mmea mmoja mmoja, kurudi, kuhesabu majani mapya, kuandika upi umekufa na upi umechanua, kurudi tena. Mmea unaohitaji nusu karne kukomaa huwezi kuuelewa kwa safari ya wiki moja.

Tofauti ya kwanza iliyo wazi ni mahali. Lobelia keniensis hukaa kwenye ardhi yenye unyevu, bondeni na kwenye tope. Lobelia telekii hukaa kwenye miteremko mikavu yenye mawe. Tofauti ya pili ni umbo: Lobelia keniensis mara nyingi ina mashada kadhaa yaliyounganishwa chini ya ardhi. Shada lililochanua hufa, hilo ni kweli, na ndilo linalowafanya wapita njia waamini mmea wote umekufa. Lakini mashada mengine yanaendelea, na miaka kadhaa baadaye, mara nyingi saba au zaidi, jingine litachanua. Ule mlingoti mweusi uliouona kwenye tope pengine una ndugu zake hai wanaotumia mizizi ile ile.

Sasa fikiria uamuzi ulio mbele ya mmea. Uamuzi kwa maana ya kusema tu, kwani kinachoamua ni uteuzi asilia kwa vizazi vingi. Ukichanua, unaweza kutumia akiba yako yote kwenye mlingoti mmoja mkubwa kadiri inavyowezekana, ukafa. Au unaweza kutoa mlingoti mdogo zaidi na kubakiza akiba ya kuishi hadi safari ijayo. Njia ya pili inaonekana ya busara, lakini busara yake inategemea kama hiyo safari ijayo itafika.

Tupige hesabu kwa namba za kubuni ili wazo lionekane. Tuseme bondeni mmea unahitaji miaka 7 kupata nguvu za kuchanua tena, na kila mwaka uwezekano wake wa kufa ni asilimia 3. Uwezekano wa kufika mwaka wa saba ukiwa hai ni asilimia 81 hivi. Kubakiza akiba kunalipa. Sasa panda mteremkoni, kwenye ukavu. Ukuaji ni wa polepole zaidi, tuseme inahitajika miaka 12, na kila mwaka asilimia 10 hufa. Uwezekano wa kufika ni asilimia 28 tu. Mmea unaojibakizia akiba huko unaweka fedha kwa ajili ya siku ambayo mara nyingi haitafika, na jirani yake aliyetumia yote kwa mkupuo ameshamwaga mbegu nyingi zaidi kuliko yeye.

Hicho ndicho Young alichokikuta kwa vipimo halisi, na makala yake ya mwaka 1990 kuhusu mageuko ya lobelia hizi ilieleza hoja hiyo. Sehemu inayonishawishi zaidi iko mpakani. Ukiifuata Lobelia keniensis kutoka kwenye tope kuelekea ardhi kavu, mashada kwa kila mmea hupungua na muda kati ya kuchanua na kuchanua hurefuka. Yaani kadiri inavyokaribia makazi ya ndugu yake, ndivyo kuchanua mara nyingi kunavyopungua faida, mpaka unafika mahali ambapo hesabu inageuka na kuchanua mara moja kunashinda. Makazi ya Lobelia telekii yanaanzia hapo.

Naye telekii hutumia maji ya ziada kwa namna tofauti na ndugu yake. Mahali penye unyevu kidogo zaidi, mlingoti wake huwa mkubwa zaidi na mbegu huongezeka. Lobelia keniensis ikipata nafuu kama hiyo huitumia zaidi katika kuishi na kurudia kuchanua mapema. Mbegu za zote mbili ni ndogo mno, hupeperushwa na upepo, na nyingi sana hazifiki popote.

Maadui wapo. Pimbi wa mlimani, wale wanaozoea kuomba makombo kambini, hutafuna lobelia hasa kipindi cha kiangazi majani mengine yakiwa adimu. Utomvu mweupe wa lobelia una kemikali chungu, lakini njaa ikizidi uchungu hauwi kizuizi.

Hadithi hii haiishii Mlima Kenya. Kilimanjaro ina Lobelia deckenii, ambayo ina mashada mengi na hushika maji, na inafanana na Lobelia keniensis kiasi kwamba baadhi ya wataalamu huiona keniensis kuwa ni tawi lake tu. Elgon, Aberdare na Rwenzori zina matawi mengine ya ukoo huo huo. Telekii inapatikana pia Elgon na Aberdare, lakini Kilimanjaro haipo. Ethiopia, kwenye milima ya Simien na Bale, kuna Lobelia rhynchopetalum, refu, ya shina moja, nayo huchanua mara moja na kufa. Kila kilele ni kisiwa kilichozungukwa na joto la nyanda za chini ambalo mimea hii haiwezi kulivuka kwa urahisi, kwa hiyo kila mlima umelea ukoo wake.

Mabara mengine yenye milima ya kitropiki yamefikia jibu hilo hilo kwa mimea isiyo na undugu na lobelia. Puya raimondii ya Peru na Bolivia, jamaa wa nanasi, hukaa miongo mingi kisha hutoa mlingoti wa mita kadhaa na kufa. Kwenye volkano za Hawaii kuna mmea wa ukoo wa alizeti, wa majani ya fedha, unaofanya vivyo hivyo. Mimea ikirudia umbo moja mahali pengi bila kuambukizana, ujue hali ya hewa ndiyo inayoongea.

Kuhusu majina, siwezi kupita bila kusema kitu. Teleki alikuwa mwungwana wa Hungaria aliyefika mita 4,350 hivi kwenye Mlima Kenya mwaka 1887. Decken alikuwa Mjerumani aliyepanda Kilimanjaro kupita mita 4,000 mwaka 1862. Msafara wa Teleki ulianzia Pangani, na mwenye kuzijua njia za bara ndani yake alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa pwani. Ua limebaki na jina la Teleki.

Hofu ya sasa ni moto na ukame. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya juu vya Mlima Kenya, na Oktoba 2020 Kilimanjaro nayo iliungua kwa siku kadhaa. Nyasi hurudi baada ya mvua. Lobelia iliyoungua kiini inahitaji nusu karne kurejesha mmea wa rika lile lile. Mlima ukiendelea kupata joto, mimea hii inaweza kupanda juu kidogo, lakini eneo hupungua kadiri kilele kinavyokaribia, na Aberdare, yenye kilele cha mita 4,001, haina nafasi kubwa iliyobaki juu yake. Ukame wa mabondeni nao unagusa ile hesabu moja kwa moja, kwa kuwa faida ya keniensis ya kuchanua tena imesimama juu ya tope.

Kwa anayepanda na anataka kuzitofautisha: angalia kwanza miguu yako. Ikiwa umesimama kwenye tope na shada lina maji, majani mapana na mashada wenzake pembeni, ni keniensis, au deckenii kama uko Kilimanjaro. Ikiwa uko kwenye changarawe kavu na mmea ni mmoja, wa majani membamba au mlingoti wenye manyoya, ni telekii. Usitie mkono kwenye yale maji kuyapima wala usiyamwage ili upige picha nzuri ya ndani, kwani usiku wa leo shada hilo litakuwa halina kinga. Na ukikuta mlingoti mweusi kwenye tope, inama uangalie pembeni ya shina kabla hujamwambia mwenzako kwamba umekufa.